Loji ya Namba Sifuri na Vinara Wengine wa Frimasoni

Habari ya zamani zaidi katika vitabu vya loji (tawi la Frimasoni) ambayo bado iko hai haina fuvu la kichwa wala damu ya mtu. Ina dohani. Tarehe 31 Julai 1599, mjini Edinburgh, waashi wa loji ya Mary's Chapel waliandika kwamba mwenzao George Patoun amekiri kosa: alimpa kishoka, mtu asiyetambuliwa na loji, kazi ya kujenga kichwa cha dohani kwa siku mbili na nusu. Aliomba radhi, akasamehewa, na wenzake wakapewa onyo kwamba atakayerudia mchezo huo hataonewa huruma. Fundi yeyote wa Kariakoo au Gikomba anaielewa kesi hiyo bila kuelezwa. Kazi ni ya chama, bei ni ya chama, halafu mmoja wenu anamwingiza mtu wa mtaani kwa mlango wa nyuma.

Loji hiyo inakutana mpaka leo, na kwa daftari hilo inashikilia ukongwe. Lakini kila kinara ana mpinzani. Mashariki kidogo ya Edinburgh palikuwa na bandari ndogo iitwayo Aitchison's Haven, na kitabu cha loji ya hapo kinaanza tarehe 9 Januari 1599, zaidi ya miezi sita kabla ya shauri la Patoun. Taabu yake ni kwamba loji yenyewe ilikufa karne ya 19. Kwa hiyo daftari kongwe ni la marehemu, na loji kongwe ni ya aliye hai.

Mpinzani wa pili ndiye mwenye visa. Upande wa magharibi wa Uskoti kuna mji wa Kilwinning, na waashi wake husema asili yao ni wale waliojenga abasia ya mji huo karne ya 12. Daftari walilo nalo linaanzia 1642 tu. Mbaya zaidi kwao, William Schaw, msimamizi wa majengo ya Mfalme James VI, alipotoa kanuni zake mwishoni mwa 1599 aliitaja Edinburgh kuwa ya kwanza na Kilwinning kuwa ya pili. Loji Kuu ya Uskoti ilipoundwa 1736 na kupanga loji kwa tarehe za makaratasi, Kilwinning wakajikuta chini ya Edinburgh tena. Wakanuna. Mwaka 1743 wakajitoa, wakaendesha mambo yao peke yao kwa zaidi ya miaka 60. Waliporudi 1807 ilibidi itafutwe njia ya kuwapa heshima bila kumpokonya Edinburgh namba moja yake, na njia ikapatikana: wakapewa namba sifuri. Mpaka leo, katika orodha ya Uskoti, sifuri iko juu ya moja. Wazee wa kamati za harusi wangeipigia makofi suluhu hiyo.

Waingereza wao wanajivunia Loji Kuu ya kwanza duniani. Simulizi yao rasmi ni kwamba loji nne za London zilikutana tarehe 24 Juni 1717 katika kilabu cha pombe kiitwacho Goose and Gridiron, jirani na kanisa la St Paul's, zikamchagua Anthony Sayer kuwa mkuu wao. Loji hizo zilijulikana kwa majina ya vilabu zilimokutania. Mbali na Goose and Gridiron palikuwa na Crown, Apple Tree na Rummer and Grapes. Wanahistoria wawili wamelitilia shaka jambo hilo siku hizi: wanasema masimulizi ya 1717 yaliandikwa na kasisi James Anderson mwaka 1738, zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwamba ushahidi ulio imara unaanzia 1721. Sherehe ya miaka 300 ilifanyika 2017 vilevile, ukumbi wa Royal Albert Hall ukajaa, na sioni kama kuna aliyeurudisha mwaliko.

Karamu ya meza za kilomita nane

Ukitaka kujua loji inafanya nini hasa, waulize wapishi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wafrimasoni wa Uingereza waliamua kujenga makao mapya London kuwakumbuka wenzao 3,225 waliokufa vitani. Walilenga kuchanga pauni milioni moja. Tarehe 8 Agosti 1925 wakakodi jumba la maonyesho la Olympia, na kampuni ya J. Lyons, iliyokuwa na migahawa ya chai kila kona ya nchi, ikapewa kazi ya kuwalisha kwa mkupuo mmoja. Waliokaa kula walizidi 7,000. Meza zilizopangwa zingefika maili tano, yaani kilomita nane, kama zingeunganishwa, na wahudumu wa kike waliobeba sahani walizidi 1,200. Hesabu ya harambee kufikia siku hiyo ilipita pauni 800,000.

Kwa miaka mingi karamu hiyo ilitajwa miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuandaliwa ndani ya jumba. Mimi kinachonishangaza ni mpangilio wenyewe: kuwakalisha watu 7,000, wote wamevaa suti, wote wanajua nani akae wapi kwa cheo chake, na supu ifike mezani kabla haijapoa. Jengo lililotokana na pesa hizo, Freemasons' Hall katika mtaa wa Great Queen Street, lilikamilika 1933. Milango ya shaba ya ukumbi wake mkuu ina uzito wa zaidi ya tani moja kila ubao, lakini imening'inizwa kwa ustadi hata mtu mmoja anaweza kuusukuma.

Karamu ya kawaida ya loji ni ndogo, na ina adabu zake. Wanachama hupokea waraka wa wito wenye ajenda: kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, jina la anayeomba kuingia, taarifa ya mhazini, ugonjwa na misiba. Mlangoni husimama bawabu mwenye upanga. Ndani kuna aproni, nyeupe ya ngozi ya kondoo kwa mwanachama mpya, yenye mapambo kwa wakubwa. Kitabu kitakatifu huwekwa wazi katikati, na katika loji za Asia na Afrika Mashariki unaweza kukuta Biblia, Kurani na Gita vikiwa pamoja, kwa sababu sharti ni kumwamini Mungu, si dini fulani. Siasa na mabishano ya dini ni marufuku kikaoni. Kisha wanakula. Bilauri zao za kunywea heri zina kitako kinene ili zigongwe mezani kwa pamoja bila kuvunjika, na mlio wake hufanana na bunduki zinazofyatuliwa. Heri ya kwanza, Uingereza, ni ya Mfalme. Ya mwisho hutolewa na yule bawabu, nayo ni kwa ajili ya Wafrimasoni maskini na walio taabuni popote walipo.

Toa upanga na aproni, unabaki na chama cha kufa na kuzikana: daftari, ada, mgonjwa wa kutembelewa, mjane wa kusaidiwa, na sahani ya wali baada ya maombi. Tofauti ni kwamba hawa waliandika kila kitu kwa miaka 400 na zaidi, na ndiyo maana wana rekodi nyingi za kugombania.

Jumba lenye vyumba 1,037

Jengo kubwa kuliko yote ya Frimasoni halipo London. Liko Detroit, Marekani, jiji lililokuwa likinuka pesa za magari lilipowekewa jiwe la msingi mwaka 1922. Lilifunguliwa 1926 likiwa na vyumba 1,037, ukumbi wa maonyesho wa watu zaidi ya 4,000, kumbi za dansi, na ukumbi wa gwaride wenye sakafu iliyolazwa juu ya matandiko laini ili askari wasichoke magoti. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa 1929, na ndani ya jumba hilo mpaka leo kuna ukumbi mwingine wa maonyesho na bwawa la kuogelea ambavyo havikumalizika.

Wanachama wakazeeka, jiji likafilisika, na mwaka 2013 jumba likawa linadaiwa kodi dola 142,000. Deni lililipwa na mtu ambaye hakutaka kutajwa. Siri haikudumu: alikuwa mwanamuziki Jack White, mzaliwa wa Detroit, ambaye mama yake aliwahi kufanya kazi humo ya kuwaonyesha watazamaji viti vyao. Ukumbi mdogo wa maonyesho wa humo sasa unaitwa kwa jina lake. Marekani nzima ilikuwa na Wafrimasoni zaidi ya milioni nne mwaka 1959, na leo hawafiki milioni moja. Majumba waliyoyajenga kwa ajili ya umati ule yanageuzwa hoteli na kumbi za harusi.

Mrefu, mfupi, na aliyekaa siku 53

Mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa, Robert Wadlow wa Alton, Illinois, mita 2.72, alikuwa Mfrimasoni. Alifika daraja la tatu mwaka 1939, na pete yake ilikuwa ya kipimo cha 25, ambacho sonara hana haja ya kukiweka kabatini. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 22. Miongo kadhaa kabla yake Charles Stratton, yule msanii wa sarakasi aliyejulikana kama Jenerali Tom Thumb, aliingia loji ya Bridgeport, Connecticut, naye hata utu uzimani alikuwa na urefu wa mita moja na kidogo tu.

Kwa muda wa uanachama hakuna anayenifurahisha kama Voltaire. Alipokewa katika loji ya Les Neuf Sœurs, Paris, tarehe 7 Aprili 1778, akiwa na miaka 83, akiegemea mkono wa Benjamin Franklin. Alifariki tarehe 30 Mei. Siku 53. Upande wa pili wa mizani yuko Duke wa Kent, aliyechaguliwa kuongoza Loji Kuu ya Uingereza mwaka 1967 na akatimiza nusu karne kwenye kiti hicho 2017, pale pale Royal Albert Hall alikosimikwa. Hakuna aliyewahi kukalia kiti hicho muda mrefu kama yeye.

Na loji iliyo mbali? Buzz Aldrin alipotua mwezini Julai 1969 alikuwa amebeba hati kutoka kwa mkuu wa Loji Kuu ya Texas iliyompa mamlaka ya kuitangaza himaya yake huko. Loji ikaanzishwa kweli, Tranquility namba 2000. Hukutana Texas kwa sasa, mpaka usafiri utakapokuwa rahisi.

Siri iliyovuja mapema kuliko zote ni ya ishara na maneno ya kutambuana. Samuel Prichard aliyachapisha London mwaka 1730, chini ya miaka 15 tangu karamu ya Goose and Gridiron, na kitabu chake kikachapishwa tena na tena. Anayeuza siri hizo leo kwa simu anauza bidhaa iliyokwisha muda wake takriban miaka 300.

Daftari lililoleta maafa makubwa ni la Italia. Tarehe 17 Machi 1981 polisi waliokuwa wakimchunguza Licio Gelli walipata orodha ya wanachama wa loji yake, Propaganda Due, ambayo Loji Kuu ya Italia ilikwisha kuisimamisha. Majina yalikuwa 962: mawaziri, majenerali, wakuu wa usalama, wenye mabenki, na mfanyabiashara mmoja wa televisheni aitwaye Silvio Berlusconi. Serikali ya Arnaldo Forlani ilianguka mwaka huohuo. Hapo neno siri lilikuwa na maana yake halisi, na anayewatetea Wafrimasoni kwa kusema ni klabu ya chakula tu inabidi alijibu suala la orodha hiyo kwanza.

Kibanda namba 6

Ipo loji moja ambayo haikuwa na jengo, aproni wala karamu. Esterwegen ilikuwa kambi ya Wanazi kaskazini-magharibi ya Ujerumani, na katika kibanda namba 6 waliwekwa wapinzani wa kisiasa kutoka Ubelgiji, waliokamatwa kwa amri ya kuwapoteza bila familia zao kupata habari. Novemba 1943 Wabelgiji saba waliokuwa Wafrimasoni waliunda loji humo, wakaiita Liberté chérie, wakamchagua hakimu Paul Hanson kuwa mkuu wao. Walikutana kuzunguka meza ambayo mchana wafungwa walilazimishwa kuchambulia risasi. Baadaye wakamwingiza mmoja, Fernand Erauw, kwa ibada iliyofupishwa kadiri ilivyowezekana.

Aliyelinda mlango wao alikuwa padri Mkatoliki. Kanisa lake lilikuwa limewapiga marufuku waumini kujiunga na Frimasoni tangu waraka wa Papa Clement XII wa 1738, marufuku ya kwanza ya aina hiyo na ambayo haijaondolewa mpaka sasa. Kibandani humo Wakatoliki nao walikuwa wakifanya sala zao kwa kificho, na kila upande ulisimama zamu kwa ajili ya mwenzake.

Hanson na wengi wa wenzake hawakurudi. Erauw na mwandishi wa habari Luc Somerhausen walinusurika. Erauw alipopimwa hospitalini Brussels mwaka 1945 alikuwa na kilo 32. Mwaka 2004 kumbukumbu ya loji hiyo ilizinduliwa makaburini Esterwegen.

Miaka 205 ya kusubiri

Prince Hall alikuwa fundi wa ngozi huko Boston. Tarehe 6 Machi 1775 yeye na Weusi wenzake 14 waliokuwa huru waliingizwa katika loji ya Kiairishi iliyofuatana na kikosi cha jeshi la Uingereza. Mwezi uliofuata vita vya uhuru wa Marekani vikaanza, jeshi likaondoka, wao wakabaki bila hati kamili. Loji za Wazungu hazikuwataka. Wakaomba London, London ikatoa hati tarehe 29 Septemba 1784, ikawafikia 1787: African Lodge namba 459. Loji Kuu ya Wazungu ya kwanza kuwatambua warithi wao kwa namna iliyodumu ilikuwa ya Connecticut, mwaka 1989. Hiyo ni miaka 205 tangu hati kutiwa saini, na sijui chama kingine kilichosubirishwa mlangoni muda huo kikiwa na barua ya mwaliko mkononi.

Katika muda huo walijenga loji zao. Duke Ellington alikuwa mwanachama, na Thurgood Marshall pia. Marshall alipokuwa wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akizunguka mahakama za kusini kupinga ubaguzi mashuleni, loji za Prince Hall zilikuwa miongoni mwa waliochangia gharama za kesi. Ndiye huyohuyo aliyefika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, akawasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za raia.

Huku kwetu

Loji zilifika Afrika Mashariki na maofisa na wafanyabiashara wa Kiingereza, na kwa muda mrefu zilikuwa za Wazungu, kisha Wahindi, kisha Waafrika wachache. Majengo hayakujificha: la Nairobi liko Nyerere Road, la Dar es Salaam liko Sokoine Drive, karibu na bandari, na daladala hupita mbele yake siku nzima. Aliyejulikana kuliko wote ni Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene, Tabora. Viwanda vya kusaga nafaka vya familia yake vilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, naye akabaki kuliongoza shirika lililozaliwa humo, National Milling. Kwa miaka mingi aliongoza Frimasoni ya Afrika Mashariki, akaandika habari zake waziwazi katika kitabu cha maisha yake, na akawajibu waandishi wa magazeti waliomuuliza kuhusu kafara. Alifariki 2017. Sidhani kama kuna Mtanzania aliyewahi kujibu swali hilohilo mara nyingi kama yeye.

Swali lenyewe si la kijinga kabisa. Gabon, Omar Bongo aliyetawala tangu 1967 mpaka 2009 alikuwa mkuu wa loji, na video ya mwanawe Ali akisimikwa kurithi cheo hicho ilienea Afrika nzima. Congo-Brazzaville, Denis Sassou Nguesso naye amekuwa mkuu wa Loji Kuu. Raia anapoona cheo cha ikulu na cha loji vikikaa juu ya kichwa kimoja ana haki ya kuuliza.

Ila huku kwetu jibu limeachiwa matapeli. Vibandiko kwenye nguzo za umeme na ujumbe kwenye simu hukualika ujiunge na Freemason upate gari na nyumba, kwanza tuma pesa ya fomu, kisha ya usajili, kisha ya pete. Mambo yako kinyume: katika loji unalipa ada kila mwaka, unachangia msaada, unanunua aproni yako, na hakuna anayekupa gari. Wafrimasoni wa London walichanga pauni milioni 2.5 kuwanunulia zimamoto magari mawili ya ngazi za mita 64, ndefu kuliko zote Ulaya zilipofika. Hayo ndiyo magari, na ni ya zimamoto.

Halafu kuna kundi la waliohesabiwa bila kuwamo. Msanii wetu akijenga ghorofa, ni Freemason. Akifa kijana, ndio waliomchukua. Anayeongoza kundi hili duniani pengine ni Louis Armstrong. Orodha nyingi za Wafrimasoni maarufu humtaja kuwa wa loji ya Montgomery namba 18, New York. Watafiti wa Frimasoni wenyewe waliitafuta loji hiyo katika kumbukumbu za Prince Hall za jimbo hilo na hawakuipata. Armstrong alikuwa wa chama kingine, Knights of Pythias, na alikuwa akikisema hadharani.